Vidonge Ndani ya Redio Mbovu

Kile kidonge cha kwanza nilidhani kimemponyoka, mshauri mwanangu, maana mume wangu ni mzee, vidole vinatetemeka, nikakiokota nikakiweka mezani, lakini siku nilipoinua redio yake mbovu nipanguse vumbi ikalia chakacha chakacha kama kayamba, hapo ndipo nikakaa kitako. Nakueleza kwa mdomo kwa sababu kuandika sijui, shule mimi niliiona kwa nje nikipita na maziwa, simu yenyewe ni ya jirani muuza mkaa, kanibonyezea kisha akaenda zake, kwa hiyo nikipotea njia nivumilieni.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Alikuwa anaweza kuifungua redio yako, mnapiga soga, ukimaliza kumsengenya mtu wako na yenyewe imepona. Hiyo moja tu ndiyo iliyomshinda, akaiweka juu ya kabati, akasema ikae pale imkumbushe asijione. Sasa nikafungua kile kifuniko cha betri kwa nyuma. Vidonge, mwanangu. Vyeupe vitupu, vingine vimeshaanza kuwa unga. Dawa zake za presha zote, tangu mwanzo, hakuna alichomeza.

Na dawa hizo anaziandika nani? Mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pili, tunakaa naye hapa, mumewe yuko mbali kikazi. Ni muuguzi hapo zahanati. Zamani muuguzi akichoma sindano na kufunga kidonda basi, dawa anaandika daktari, na daktari wetu sisi ukimkosa leo utamsubiri mpaka usahau ulichokuwa unaumwa. Ndipo wakachaguliwa wauguzi wachache, wakarudishwa darasani, wakapewa ruhusa ya kuandika wenyewe dawa za presha na za sukari. Mkamwana akawamo. Mimi nilifurahi, magoti haya yalishachoka na foleni za hospitali kubwa, yale mabenchi yao yana misumari, msumari mmoja uliwahi kunichania gauni, gauni lenyewe la kuazima, shoga yangu hakunisemesha mpaka mvua zikaisha. Haya, nirudi.

Mzee yeye hakufurahi. Akaniambia tukiwa chumbani, "Huyu si ndiye aliyekuwa ananiuliza baba chai niweke sukari kiasi gani? Leo aniandikie dawa?"

Nikamwambia, "Na chai yake si unakunywa?"

"Chai ni chai. Muuguzi atandike kitanda. Nitameza akiandika daktari."

Lakini mbele ya mkamwana hasemi, hapana, anapokea kwa mikono miwili, ahsante mwanangu. Na mkamwana kwa heshima zake anageuka anautazama ukuta, kwani atamkodoleaje macho baba mkwe akiwa ameachama? Akigeuka tu, kidonge kimeshaingia mkono wa shati.

Nilipomkabili na redio yake hakufoka, afadhali angefoka. Aliniapisha. Aliniapisha kwa kaburi la kifungua mimba wetu, yule aliyetutoka hata kutembea hajaanza, akasema siku nikimwambia mkwe wake, nisikanyage tena pale kaburini. Mshauri, mimi sina kitu kingine cha mtoto yule. Nguo zake zililiwa na mende, picha hatukumpiga. Nina lile kaburi. Basi nikairudisha redio juu ya kabati.

Mkamwana akirudi kutoka kazini anamfunga baba mkwe wake kile kipimo cha presha mkononi, anatazama, anakunja uso. Ananifuata jikoni. "Mama, baba anameza kweli?"

"Anameza, mwanangu."

Si anamwamini mama yake? Akaongeza dawa. Presha iko pale pale. Akaandika na ya pili. Haishuki. Akaandika na ya tatu, hiyo kali, akasema, "Baba, hizi zingemlaza tembo." Mzee akajibu, "Basi mpelekee tembo." Tukacheka wote, na redio kule juu inazidi kujaa.

Akaanguka bafuni. Tulimkuta mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina habari. Kiharusi. Hospitali kubwa walituuliza anatumia dawa gani, mkamwana akazitaja, wakanitazama na mimi, nikaitikia kwa kichwa. Walipomruhusu wakasema aendelee na zile zile, asiruke hata moja.

Kumbe kule zahanati maneno yameshachemka. Yule daktari alisimama mbele ya watu akasema huyu muuguzi kama baba mkwe wake mwenyewe amemshinda, wagonjwa wa watu atawaweza wapi, hii ndiyo faida ya kuwapa wauguzi kalamu. Mkamwana ameambiwa akae nyumbani mpaka kikao kiamue. Na kipimo cha presha akirudishe, ni mali ya zahanati. Wanawake aliowazalisha kwa mikono yake wanapita hapa mlangoni wanatazama chini. Halii mbele yangu, ila namsikia anaosha vyombo ambavyo ni visafi.

Sasa kazi yake imekuwa ni kumuuguza baba. Anavisaga vidonge vyote, anakoroga kwenye uji, anamnywesha kijiko kwa kijiko, mimi nashika kichwa. Mzee hawezi kutema wala kusema, ananitazama mimi tu, macho yale najua yananiambia nini. Nikasema moyoni, haya, hata kama kwa nguvu, sasa anameza, atapata nafuu. Mbona hapati? Tangu ameanza kumeza ndiyo anazidi kulegea. Mikono baridi kama ya mtu aliyetoka kisimani. Tukimkalisha macho yanapanda juu, anataka kuzimia. Mkojo wenyewe ni wa kuhesabu matone. Mkamwana anasema ni kiharusi, mama, kinataka subira.

Basi swali langu ni hili, mwanangu, na naomba unijibu kama unavyomjibu mama yako. Nikisema, nimevunja kiapo, nimemwaibisha mume wangu kwa mkwe wake akiwa hana hata ulimi wa kujitetea. Nisiposema, binti wa watu anapoteza kazi kwa kosa si lake. Nilitaka ningoje kwanza mzee apate nguvu, nimwombe anifungue kiapo mwenyewe, kwa sababu mtu akishaapa kwa kaburi...

"Mama, njoo umshike kichwa baba, uji unapoa."

Abee, nakuja. Naitwa, mwanangu. Ngoja nikamshike.

*

MSHAURI ANAJIBU REDIONI

Mama, usimshike kichwa. Uweke uji chini.

Umeniuliza habari ya aibu na habari ya kazi. Yote mawili nitakujibu, lakini kuna la tatu umelitaja mwenyewe ukapita kama umetaja magoti. Nimemuuliza daktari kabla ya kufungua mdomo hapa. Dawa ya pili na ya tatu ziliandikwa kwa sababu ya kwanza ilionekana haifanyi kazi, na ya kwanza haikufanya kazi kwa sababu ilikuwa ndani ya redio. Mwili wa mzee hauzijui dawa hizo hata moja. Sasa anamiminiwa zote kwa pamoja, na mwenye kumpima amenyang'anywa kipimo. Ule ubaridi, yale macho kupanda, ule mkojo: huenda presha imeshuka mno, na presha ikishuka mno nayo inaua.

Kwa hiyo hakuna kungoja apate nguvu. Chukua redio ilivyo, usitoe hata kidonge, mpe mkamwana mkononi, umwambie maneno matatu: "Baba hakuwahi kumeza." Yeye ni muuguzi, mengine atayaelewa kabla hujamaliza. Mpelekeni hospitali kubwa saa hiyo hiyo, na redio nayo iende. Msimpe tena dawa hata moja kabla hajapimwa; zipi aache na zipi aendelee nazo ataamua daktari.

Nakuhurumia, mama. Lakini umeulizwa jikoni ukasema anameza, umeulizwa hospitalini ukaitikia kwa kichwa, na leo unasikitikia kazi ya binti. Ile ya mficha maradhi unaijua kunishinda, sitakuimbia. Na kiapo chako, mtoto yule hakuulizwa kama kaburi lake litumike kumchimbia baba yake jingine. Utakwenda pale. Hakuna mwenye uwezo wa kukuzuia.

Na wewe muuguzi, kama unasikia: heshima nyumbani ni nzuri, lakini uliandika kama muuguzi ukageuka ukutani kama mke wa mwana. Ungempa mwenzako amtibu. Kwenye kikao nenda na mama mkwe wako, aseme mwenyewe, na hilo la ukuta uliseme wewe kabla hujaulizwa.

Mama, namba uliyotumia tumeipiga tangu tulipousikia ujumbe wako. Inaita, haipokelewi. Ni simu ya muuza mkaa. Muuza mkaa, kama redio yako iko wazi, acha mizani, mgongee jirani yako mlango.