Dakika Nne kwa Kilomita

3 Februari

Binti yangu,

Salamu. Natumaini u mzima na miguu haikuumi. Mimi sijambo. Mama yako yuko vilevile: upande wa kushoto uliopooza haujarudi, na tangu uondoke bila ruhusa yangu namgeuza mwenyewe kitandani.

Umesema mbio za mchujo ni kilomita kumi, na kwamba atakayezidi dakika thelathini na sita atafungishwa virago kwenye kambi yenu ya riadha. Miaka mitano nimekupima kwenye barabara yetu, kutoka langoni hadi kwenye jiwe jeupe, kilomita kamili. Kasi yako ni dakika nne kwa kilomita. Zidisha kwa kumi uone jibu. Siku uliyojaribu kuipita ulizirai, nikakubeba mgongoni. Usiwapotezee watu wakati wao.

Tena, barua yako haikuwa na tarehe. Sikukulea hivyo.

Babako

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mwambie Mama nimemkumbuka sana.

Kuna jambo silielewi. Jana kocha alitupima uwanjani, mizunguko miwili na nusu, ambayo ndiyo kilomita. Nilimaliza kwa dakika tatu na nusu, na pumzi bado ilikuwepo. Nikamwambia saa yake ni mbovu. Akacheka: "Dada, saa ni nzima. Aliyekupima kwenu ndiye wa kuulizwa." Wenzangu wananiita Saa ya Ukutani, kwa sababu nakimbia huku midomo ikihesabu. "Saa ya Ukutani, saa ngapi sasa?" Kisha wanaangua kicheko.

Kwa kasi hiyo ninapita mchujo na dakika nzima inabaki. Nimfuate nani, kocha au wewe?

Bintiyo

1 Machi

Binti yangu,

Nimeipata barua yako. Hatujambo, kwa kadiri yetu.

Kukimbia kilomita moja si kukimbia kumi. Uwanja ni laini kama zulia. Barabara haimbembelezi mtu. Huyo kocha ana wasichana wengi, na ukianguka ataokota mwingine. Mimi ninaye mmoja. Anza kwa dakika nne hadi katikati ya safari. Ukijiona una nguvu, ndipo uongeze. Ukinikaidi ukaanguka mbele za watu, usiniandikie.

Babako

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini Mama anakula.

Nilikutii. Kilomita tano za kwanza nilizikimbia kwa dakika nne nne, wenzangu wakapotea machoni. Nusu ya pili niliwapita watu kana kwamba wamesimama. Nilimaliza kwa dakika thelathini na saba na sekunde kumi, na nguvu za kurudi nilikotoka nilikuwa nazo. Hilo ndilo lililoniliza. Kocha aliniuliza, "Ulikuwa unamsubiri nani huko nyuma?" Jioni nikaambiwa nikabidhi godoro.

Nikamwandikia Mjomba, maana yeye ni fundi wa barabara na ana gurudumu la kupimia. Amepima. Kutoka langoni hadi kwenye jiwe ni kilomita moja na mita mia moja na arobaini. Na pale kilomita inapotimia amekuta shimo lililojaa nyasi. Anasema jiwe lile linaingia humo kama kizibo.

Nani alilihamisha, Baba?

Bintiyo

30 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Mama yako ametoka kidonda mgongoni.

Nililihamisha mimi, kwa mtaimbo. Siku ya kwanza nilipokupima niliitazama saa nikanyamaza. Kwa kasi ile, watu wangekuja mlangoni kukuchukua, na mama yako alikuwa ndiyo kwanza ameanguka. Nani angemwosha? Mimi? Mtu mzima aendaye haja kitandani kama mtoto ni mzigo, na mzigo huo haukuwa wangu. Nilikupunguzia kasi ili nipate msaada, nikaupata miaka mitano. Siombi radhi.

Umekwisha kutolewa, basi rudi. Chumba chako nimekifagia.

Babako

14 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nimepata kazi ya kufua mashuka hotelini. Alfajiri nakimbia na wale waliobaki kambini. Kocha amesema nijaribu tena mwakani. Sirudi.

Barua yako nilimtumia Mjomba. Alikuja kumwona Mama ulipokuwa sokoni, akamsomea yote, hata pale pa mzigo. Mama alizimika upande mmoja tu, Baba. Masikio yake ni mazima. Mjomba anasema Mama alimwomba arudie kusoma.

Jumamosi atakuja na gari kumchukua. Mkewe ni muuguzi. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka. Usiwazuie.

Bintiyo

22 Mei

Binti yangu,

Salamu. U mzima?

Walikuja. Mjomba wako hakukubali hata maji. Walipomfikisha mama yako mlangoni nilitaka kumshika mkono wake mzima. Akauingiza chini ya blanketi. Nikamwambia, "Mama watoto, ni mimi." Akamwambia ndugu yake waende.

Niandikie hali yake. Mjomba wako hanijibu.

Babako

9 Julai

Binti yangu,

Salamu. Barua yangu ya Mei imerudishwa bila kufunguliwa. Nimeitia humu pamoja na hii.

Sijambo. Shuka za mama yako nimezifua mwenyewe na kuzikunja. Ziko mezani. Hakuna aliyeniambia nizipeleke wapi.

Babako