Tafuta Ukuta wa Jiko Kwanza

Kwako Mama Divine, mke wangu,

Nakusalimu kutoka kwenye matope ya huku, kwa hiyo tumefanana. Mugongo umepona? Divine anakula? Mi niko muzima, baridi tu ndiyo inanitafuta. Simu yako ilikunywa maji, basi barua hii nampa mutu anayeshuka Bujumbura Jumapili.

Huku Ubeligiji mumeo amekuwa mutu mukubwa, usiseme sikukuambia. Tunapasua mashamba kabla watu hawajajenga maghala. Katapila inakata mitaro mirefu, myembamba, mi nafuata na koleo na mwiko wa fundi, nakwangua mpaka udongo useme. Na umesema! Tumekuta nyumba ya Warumi, wale wale waliomusulubisha Yesu. Kumbe walikuwa na kazi nyingine, walikuwa wanalima! Usifikirie villa za matajiri wa Kinindo. Kisima, vigae, ukuta wa mawe: nyumba ya mukulima, kama yetu. Wakubwa wanapiga picha, mi ndiyo nawapa cha kupiga.

Sasa kaa chini, mke wangu.

Juzi nilikuwa nakwangua pembeni ya ukuta ule, nikaona doa jeusi, refu kama mukono wangu. Nikapitisha mwiko pole pole. Mifupa ya mutoto muchanga, Mama Divine. Midogo kama ya kuku. Nikabaki nimepiga magoti. Papa Trésor, Mukongomani ninayefanya naye kazi, akanipigia kelele:

"We Murundi, unachimba ama unasali?"

"Nasali."

Akaona uso wangu, akavua kofia.

Madame, mukubwa wetu, akasema zamani hizo watoto wachanga hawakupelekwa kwa makaburi ya wakubwa. Waliwekwa karibu na ukuta wa nyumba. Nikamwambia, "Hata mke wangu alifanya hivyo." Mama yangu alikugombeza sana, eti Blaise wetu, muchanga vile, apelekwe kwa makaburi, na we ukamuzika nyuma ya jiko. Ulifanya sawa. Mi nilikuwa huku, sikumushika hata mara moja, lakini najua alilala karibu na moto wako.

Kaka yako ameniambia yote. Kwamba mto Rusizi uliingia kwetu Gatumba ukabeba jiko na musalaba wa Blaise, na we umekataa kuhamia kwake Ngagara mpaka umupate mutoto. Kwamba wanakuchimbia mashimo, mara hapa, mara pale, majirani wanacheka, na mvua inarudi.

Apana mashimo tena! Shimo linakula alama. Acha kutafuta mutoto, tafuta ukuta kwanza. Kateni mutaro moja mwembamba toka barabara kwenda mto, mutoe tope la mto tu, mufike kwa udongo wetu wa zamani. Hapo muache jembe. Mukwangue na koleo, kama unavyokwangua sufuria ya bugali. Matofali yaliyeyuka, lakini mawe ya musingi niliyapanga mi mwenyewe, na mikono hii unaijua, hayaendi popote. Fuateni mawe mpaka nyuma ya jiko. Mwagia maji kidogo. Udongo uliochimbwa hata mara moja haurudi rangi yake. Utaona doa. Hapo usichimbe. Weka mawe, omba, panda gari uende Ngagara.

Na mvua ikikutangulia, ondoka tu. Nakuomba kabisa. Maji yameshachukua nyumba yangu, yasichukue na nyinyi wawili.

Yule mutoto wa Warumi, Madame alimupima, akamupiga picha, akasema abaki pale pale, ghala halitafika upande ule. Nilimufunika mi, kwa mikono. Mama yake pia siku moja aliondoka, Mama Divine. Watu wakalima juu yake miaka na miaka, na mutoto bado yuko kwa ukuta wake. Hakuna aliyemuchukua.

Nisalimie kaka yako, umwambie aweke kitanda tayari. Divine mubusu kwenye paji. Mama yangu naye musalimie, umwambie Warumi wote wako upande wako.

Mumeo anayekupenda,
Baba Divine, na Baba Blaise