Maji ya Pipa Lako, Mama Hawa

Mpendwa Mama Hawa,

Juzi mmea wangu wa beseni ulianza kuwa wa njano, nikakukumbuka, nikaona haya kana kwamba umesimama uani unaniangalia.

Unaujua mmea huo. Wa kwanza Baba aliutoa kwenye kinamasi cha Nateete miaka ile baada ya vita, malaria ilipokuwa imemchukua mama. Hauna mizizi, unaelea tu, na vifuko vyake vidogo kama ufuta vinameza viluwiluwi vya mbu. Baba, fundi cherehani asiyejua kulia mbele ya watu, alichuchumaa kando ya beseni kila asubuhi. "Kula hao, kula," aliuambia. Wewe ulicheka: "Mzee Wekesa analisha majani!" Lakini kila wiki ulinijazia ndoo maji ya mvua kutoka pipa lako, kwa kuwa mmea ule haukutaka maji mengine.

Kisha maji ya bomba yakarudi Kisugu, mtaa mzima ukashangilia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na uvivu wa kutosha. Maji ya beseni yalikuwa na rangi ya chai, ya bomba yalimetameta. Nikayabadilisha, nikajiona nimeupa mmea zawadi. Siku ya nne vifuko vilianza kudondoka. Wiki ilipoisha mmea ulikuwa uji wa kijani.

"Haya maji ni ya wapi?" Baba aliuliza.

"Ya Mama Hawa," nikasema.

Akaja kukuuliza kama uliosha pipa kwa sabuni. "Wallahi Mzee, hii maji mimi nakunywa," ulisema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini kama imeua maua yako, nisamehe."

Kesho yake, kiangazi kikiwa kikali, ulilipindua pipa zima ukalisugua kwa mchanga. Bomba lilikuwa la kulipia, hivyo wiki kadhaa ulibeba madumu kutoka chemchemi kwa goti lako bovu. Nilikuona. Nilikuwa mlangoni namenya matoke, nikaendelea kumenya. Baba hakugombana nawe, ila hakunituma tena kwako.

Sasa nina mabeseni matatu ya mmea kama ule, na watu huniuliza. Mmea ukigeuka njano au vifuko vikidondoka, nawaambia, angalieni maji kwanza. Ya bomba hapana, mbolea hapana. Utando wa kijani ukitokea majini, pelekeni beseni kivulini, muutoe kwa vidole. Wengine huutupia vipande vya nyama vikaoza, nami nawagombeza kama mtaalamu. Siwaambii nilijifunzia wapi.

Siku ya hitima yako, kule Kyebando, Hawa aliniambia: "Mama alikataa tuchote maji ya pipa mpaka alisugue kwanza. Eti kuna wakati maji iliua mmea wa Mzee." Miaka yote hiyo! Nami nikasema "pole", nikamaliza pilau yangu.

Leo asubuhi nimerudi kwake nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaichukua chai niliyokuwa sijaimaliza, akaimwaga nje. Sikumlaumu. Baba naye hayupo tena, na aliondoka akiamini ni wewe.

Maji yako yalikuwa safi, Mama Hawa. Wewe ulijua, mpaka mimi nilipokufanya usijue.

Pumzika salama.

Binti wa jirani yako, yule wa ndoo