Turki Anajitia Mkalimani wa Vita

Baghani, Unguja
20 Shaaban 1335 (Juni 1917)

Mpendwa ndugu yangu Salem,

Assalaam alaykum. U mzima weye, na wa huko Lamu wazima? Bi Kulthum mkeo, kifua kimemwachia? Sisi huku hatujambo, ila mie kichwa kinanigonga, na anayenigongesha ni mwanao.

Najua Turki keshakuandikia kuomba radhi yako aache chuo cha walimu, akawe mkalimani wa jeshi la Waingereza huko bara. Hakukwambia kwamba tangu apate wazo hilo anavaa buti ndani ya nyumba, juu ya mikeka yangu. Nikimwita haitiki "naam" kama watu, hunguruma Kizungu. Masharubu hayajaota, na kila asubuhi anayapaka mafuta ya nazi mbele ya kioo changu. Kizungu mie sikijui, lakini mtu anayejisikiliza mwenyewe akisema namjua.

Sasa sikiliza alivyojaribiwa. Mwezi uliopita afisa mmoja alikwenda Bwejuu kutafuta wapagazi wa kubeba mizigo ya vita, akamchukua Turki amfasirie. Bwejuu, Salem, kwa Bi Kazija, aliyemnyonyesha Turki pale mlipokuwa huku Unguja na mkeo akakosa maziwa. Turki na Jecha, mwana wa Bi Kazija, wamenyonya ziwa moja.

Mkalimani wetu alifika, badala ya kuwaamkia wazee akasimama kando ya Mzungu, kifua mbele. Vijana walikuwa wameshakimbilia msituni. Jecha hakukimbia, kwani aliyekuja ni nduguye. Alitoka kumlaki na madafu.

Mgeni akija, ndugu yako si humsifu mbele yake? Ndivyo tulivyolelewa, na yule mpumbavu akadhani yuko barazani kwako. Akamwambia Mzungu kwamba huyu ni ndugu yake, hodari kuliko wote Bwejuu, huchukua magunia mawili ya chokaa mgongoni bila kupumzika. Mzungu alifurahi sana, akamwandika Jecha wa kwanza. Turki akataka kuyarudisha maneno yake, Kizungu chote kikamkauka. Jecha akachukuliwa siku ile ile.

Na ati Turki kasifiwa, kafaulu. Amerudi hapa kaniambia hivyo kwa sauti ndogo, hana haya hana vibaya, kisha akauliza kama chakula kipo. Nikamwambia ale buti.

Nilikuwa nshakata shauri kukuandikia umnyime radhi, umrudishe Lamu akachunge mbuzi, kama mbuzi watamkubali. Kisha juzi Bi Kazija akaja mjini kwa miguu. Nilijua amekuja kumtukana, nami nilikuwa tayari kumsaidia. Turki alijifungia chumbani.

Bi Kazija hakumtukana mtu. Alikula, akanawa, akaniambia: "Bibi, mwambie baba yake ampe radhi. Mwanangu yuko mikononi mwa watu wanaomwamrisha, wala hajui wanasema nini. Turki amfuate nduguye."

Nikaitafuta kalamu. Basi mpe, Salem. Usimpe kwa ajili ya kofia wala cheo, na usimpongeze, maana hata salamu yangu hastahili. Mwandikie kwamba huko bara aombe kuwekwa pamoja na wapagazi, si na maafisa, amtafute Jecha mpaka amwone. Asipomwona, mlango wangu asiujue.

Nimemsomea Turki maneno haya. Kwa mara ya kwanza tangu apate buti zake, alinijibu "naam, shangazi". Bado simwamini.

Nisalimie Bi Kulthum, na mwanao Nunu mbusu kipaji. Mwenyezi Mungu akuhifadhi weye na nyumba yako, na amhifadhi Jecha kabla yetu sote. Jibu upesi. Bi Kazija yuko hapa ukumbini kwangu, amekataa kurudi Bwejuu mpaka radhi yako ifike.

Ni mie dada yako, nikupendaye hata na hasira zangu,

Ruqaya