Kiini cha Yai kwa Paka wa Ghala

Kijiji cha Dutumi,
Kibaha.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ipokee shikamoo hii kabla hujasoma neno jingine, maana huko mbele ninabisha, na sitaki ubishi wangu ukufikie kabla ya heshima yangu. Mama naye mpe yake. Hali zenu? Kifua chako kinaendeleaje na ukungu wa huko milimani? Na ule mgomba wa nyuma ya jiko ulioangushwa na upepo, umechipua? Mimi ni mzima. Nimekonda kama kila mtu wa huku alivyokonda, lakini nalala, naamka, na kazi naifanya.

Barua yako nimeipata. Baba mdogo aliileta mwenyewe kwa baiskeli kutoka Mkuza, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza kuisoma. Umesema umepata aibu. Umesema umeambiwa binti yako anamlisha paka mayai na samli huku watoto wa watu wanalala na njaa, na kwamba watu wanasema ni kwa sababu sikujaliwa kuzaa. Umesema nifunge mzigo nirudi Usangi, niolewe na yule mgane mwenye duka.

Sirudi, Baba. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza yote, kwa sababu aliyekupasha habari alikuwa Mkuza ofisini kwake, na mimi nilikuwa ghalani.

Mvua za mwaka huu zilitukimbia. Mtama ulinyauka ungali mdogo, na mahindi hayakufika kiunoni. Kijiji kikaletewa mbegu za mahindi na kunde za kupanda msimu ujao, tukaambiwa hizi haziliwi, hata iweje. Zikawekwa ghalani, na ghala ndiyo kazi niliyopewa baada ya yale mafunzo ya Kibaha. Sasa jiulize, mwaka wa njaa panya anakwenda wapi? Mashambani hamna kitu, majumbani hamna kitu. Wote walihamia kwangu. Sumu hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo mwenyekiti alikwisha kuikataza tangu ilipoua kuku wa watu mwaka uliopita. Mitego tulitega, ikanasa wawili watatu wajinga, wenye akili wakairuka.

Aliyenisaidia ni paka. Ni jike, rangi ya majivu, na wanakijiji humwita Karani kwa sababu hupenda kukaa juu ya magunia akitazama watu wakipimiwa. Kwa muda wote aliokuwa na nguvu, sikuona gunia lililotobolewa.

Kisha akazaa. Alizaa watoto wanne nyuma ya magunia, na katika njaa ile ile wakaanza kumnyonya. Baba, umewahi kuona ng'ombe anayekamuliwa zaidi ya anavyolishwa. Ndivyo alivyokuwa. Mgongo ukawa kama msumeno, manyoya yakasimama, fizi zikawa nyeupe. Nikimpa ugali wenye mchuzi, ananusa na kugeuza uso. Panya walipita mbele yake, naye anawaangalia tu. Wiki ile ile nikakuta tundu la kwanza kwenye gunia la mahindi.

Bwana mifugo alipita kijijini kuchanja kuku, nikambebea Karani kwenye kapu. Alimshikashika tumbo, akamfungua kinywa, akasema hana ugonjwa wowote. Alisema mnyama anayenyonyesha akifika hapo hawezi tena kula chakula kingi, kwa hiyo apewe kidogo, lakini kile kidogo kiwe na nguvu nyingi. Akanisimulia kwamba alipokuwa masomoni Dar es Salaam aliona chakula cha paka wagonjwa kilichotoka Ulaya, kizito, ndani ya mrija kama dawa ya meno. Unakamua kidogo kidoleni, paka analamba, na huko kulamba ni sawa na kula mlo mzima. Nikamwuliza nitakipata wapi. Alicheka, akasema siku hizi hata dawa ya meno yenyewe haionekani madukani. Lakini akanieleza kilichomo ndani yake: mafuta, kiini cha yai, na nyama au samaki. Akasema, "Tengeneza chako."

Nikatengeneza changu. Yai lilikuwa la kuku wangu, yule tetea niliyemnunua Mlandizi. Samaki alinipa Bibi Mwanaidi, jirani yangu. Ni mzee wa Kizaramo, mjane, na mwanawe huvua kambale huko mto Ruvu. Vichwa vya kambale watu huvitupa, yeye akaniwekea. Nilivichemsha, nikaengua mafuta, nikachambua miba. Nikaponda kwenye kinu pamoja na dagaa na kiini cha yai lililochemshwa, na tone la samli alilonipa mke wa mwalimu. Ikawa rojo nzito inayonata.

Mara ya kwanza niliharibu. Kwa tamaa ya kumwona anapona, nilimpa nyingi na mafuta mengi, akahara hata nikadhani nimemuua. Nikapunguza. Nikawa nampa ncha ya kijiko asubuhi, ncha ya kijiko mchana, hivyo hivyo mpaka jioni. Alipokataa kulamba nilimpaka kwenye kidole cha mguu wa mbele. Paka havumilii uchafu, Baba. Atajilamba hata akiwa anakufa, na akijilamba amekula.

Bibi Mwanaidi alikuwa akija kukaa nami akimtazama. Aliniambia, "Mpe, mwanangu, naye ni mzazi huyu. Na paka si najisi." Polepole macho ya Karani yakaanza kung'aa. Mtoto mmoja alikufa, wale watatu wakashika uhai.

Hapo ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Salehe, alipopita mlangoni akaniona nimepakata paka, kijiko mkononi. Hakuuliza kitu. Alikwenda kusema. Habari ilipokuwa inatoka kwake ilikuwa yai moja, na ilipofika Kongowe ilikuwa trei nzima, na ilipomfikia Baba mdogo huko Mkuza nilikuwa nimechinja kuku. Samli nayo ikageuka kuwa debe.

Niliitwa kikaoni. Kijiji kizima kilikuja, maana mwaka wa njaa watu hawana pengine pa kwenda. Mzee Salehe alisimama akaeleza aliyoyaona, na hapo hakudanganya. Akamalizia kwa kusema, "Mwanamke asiyezaa akipata paka, humnyonyesha."

Watu wengine walicheka. Baba, maneno hayo nimeyasikia kwa mume aliyeniacha, nimeyasikia kwa mama yake, na sasa nimeyasoma kwa mwandiko wako. Zamani yangeniliza. Siku ile hayakuniliza. Nilisimama nikamjibu, "Kama ni kunyonyesha, basi namnyonyesha anayelinda chakula cha watoto wenu. Sioni haya."

Kicheko kikaisha. Lakini akasimama mwanamke mmoja, Mama Zuhura, na yeye hakuwa anacheka tangu mwanzo. Alikuwa amembeba binti yake, miguu ya mtoto imekuwa kama vijiti. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu hajaonja yai tangu mvua zikatike. Akikuona unampa paka, mimi nimwambie nini?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na ndilo peke yake lililonichoma. Nilimwambia, "Mwambie mbegu ya mwakani inalindwa. Na yai la kesho mlete aje alile kwangu. La paka silitoi, litakuwa la kesho kutwa." Akakaa, akampakata mtoto. Kesho yake alimleta, mtoto akala yai lake, na mimi nikala ugali kwa mchicha kama siku zote. Sikuwahi kula yai hata moja la yule kuku mwezi ule. Hilo Baba mdogo hakukuandikia.

Mwenyekiti alisema kelele zimezidi, akataka mambo yaishe. Akaniambia nichague: nimtoe paka au nitoe funguo. Nadhani alitegemea nitalia na kuomba radhi. Nilifungua pindo la kanga, nikaweka funguo juu ya meza yake, nikaenda ghalani nikambeba Karani na wanawe kwenye kapu, nikaenda nao chumbani kwangu. Nilipokuwa napita, watu walinipisha njia.

Kazi akapewa mpwa wa Mzee Salehe. Si mtu mbaya, na alihangaika. Aliziba matundu kwa udongo, akatega mitego, akafunga mlango mapema. Mimi nilikaa kwangu nikimsagia paka rojo yake. Tetea alipoacha kutaga, Bibi Mwanaidi akawa ananipa vichwa viwili vya kambale badala ya kimoja, nikaongeza mafuta yake mahali pa kiini. Watu waliopita waliniona, maana nilikuwa nakaa barazani makusudi. Sikutaka kujificha kama mwizi kwa jambo ambalo si wizi.

Panya nao hawakuwa na habari za kikao. Unajua wanavyokula mahindi? Hawamalizi punje. Wanatoboa pale penye kiini, wanakula kiini, wanakuachia ganda. Ukiangalia kwa mbali unadhani mbegu ipo, kumbe umebaki na punje zisizoweza kuota. Gunia moja zima liliharibika hivyo, na la pili lilikwisha kuanzwa, kabla mpwa wa Mzee Salehe hajathubutu kusema.

Mwenyekiti alinijia mchana mmoja na wajumbe wawili, nikiwa nachambua mboga. Tulisalimiana vizuri, nikawapa vigoda. Alizungukazunguka kwenye habari za jua na vumbi, mwisho akasema wameona ni vizuri niwaazime paka.

"Haazimwi," nikamwambia. "Anakwenda na mimi, na chakula chake kinakwenda naye."

Alisema hilo litabidi lipelekwe kikaoni. Nikamwambia kaeni tu kikao, lakini panya hawakai.

Kikao kilikaa siku ya pili yake, na mimi sikwenda. Nilisimuliwa na Bibi Mwanaidi kwamba Mzee Salehe alipinga mpaka sauti ikamkauka, na aliyemnyamazisha alikuwa Mama Zuhura. Alisimama na mtoto wake akasema yeye ndiye mwenye haki ya kukasirika kuliko wote, na kwamba anataka kupanda mvua ikinyesha, hataki kupanda maganda. Mzee Salehe akatoka nje ya kikao. Wakaamua nirudishiwe kazi, na Karani apewe yai kutoka banda la kuku la kijiji mpaka watoto wake waache kunyonya. Jambo hilo lilitangazwa mbele ya watu wote, kama nilivyotaka.

Hivi ninavyokuandikia yupo hapa ghalani. Hakunenepa, usidhani ana kitambi, lakini mgongo umejaa, na asubuhi nakuta mikia ya panya mlangoni. Rojo nampa mara chache sasa, anakula kama paka wengine. Mtoto wake mmoja amechukuliwa na mwalimu. Wa pili amekuja kuombwa na mke wa Mzee Salehe, alipitia mlango wa nyuma, kanga imefunika uso. Nimempa. Nikamfundisha na kutengeneza rojo, maana paka mdogo akikosa maziwa ya mama yake naye huhitaji kuongezewa nguvu. Mumewe bado hanisalimii. Mimi namwamkia kila asubuhi, kwa sauti, na kijiji kinasikia.

Sasa nirudi kwenye amri yako. Kwa Baba mdogo nilisema kwa adabu na kwako nasema kwa adabu, lakini nasema. Yule mgane mwambie anatafuta mke, na mimi sitafuti mume. Kama hoja ni kwamba nimekosa mtoto, basi hata huko nitakuja kukosa, na nitasemwa na watu wanaonijua jina. Huku nimesemwa nikasimama. Tena, Baba, sikubali neno la aibu. Aibu ni kuacha mbegu iliwe kwa kuogopa maneno. Wewe mwenyewe ulinifundisha kutunza mbegu kabla hujanifundisha kusali. Ulikuwa unaitundika juu ya moshi, na wageni wakija hatujala, hukuigusa.

Kijiji kimenigawia kiwanja upande wa kisima. Miti ya kujengea nimekwisha kuikata, na Mama Zuhura na wenzake wameahidi kunisaidia kukandika udongo. Kitakuwa chumba kimoja na baraza, mlango utatazama mashariki. Safari yako ya kuja pwani ambayo umeiahirisha miaka yote, usiiahirishe tena. Ukifika, usifikie Mkuza. Utafikia kwangu, nitakutandikia kitanda, na nitakuamkia shikamoo mlangoni mwangu mwenyewe.

Mpe salamu Mama, umwambie ule ushanga alionipa bado ninauvaa. Msalimie Bibi mzaa mama, na umsomee barua hii taratibu, usiruke mahali. Msalimie kaka yangu Eliamini na shemeji, na shangazi wa Ugweno, ambaye najua atacheka akifika pale penye mlango wa nyuma. Yule mgane naye msalimie, hajanikosea kitu.

Mungu akulinde kifua.

Ni mimi binti yako ninayekuheshimu, na ninayebaki Dutumi,

Namsifu