Tarumbeta Siku ya Dote

Jumanne, tarehe 5 mwezi wa nane
Leo nimepata nyimbo mbili tu! Nilimsindikiza mama mpaka Kirotshe, kumwona mgonjwa hospitalini. Pale rezo ya simu ina nguvu. Yeye aliingia ndani, mimi nikabaki nje ukutani na simu. Blues moja: piano, na mwanaume anayelalamika polepole. Swing moja: tarumbeta peke yake mwanzoni, kama mtu anayeita toka kilima cha pili — halafu ngoma inaingia, na hapo hakuna wa kukaa chini.

Jumatano, tarehe 6
Mtihani wangu ni kisigino. Ninafunga mlango wa jiko, naweka wimbo, nasimama bila kutikisika. Kisigino kikiinuka chenyewe, wimbo unabaki kwenye karte ya nyimbo. Kisipoinuka, nafuta. Nyimbo nyingine ni tamu, lakini zina haraka mno, mwili unachoka kabla ya kupenda. Ule wa tarumbeta: visigino vyote viwili!
Dada Byukusenge akafungua mlango, akanikuta. Aibu! Akacheka: Tuyishime, kumbe unacheza? Basi wewe njo utachagua muziki ya dote yangu, Jumamosi, watu ya bwana wakileta ng'ombe.
Mimi, nisiyeweza kusalimia wageni bila kuangalia chini! Tumepatana hivi: Kabera mwenye bafle, zile spika kubwa za sherehe, nitampa karte, ataweka yeye. Watu hawatajua ni mimi.

Jumamosi, tarehe 9
Udongo unifunike. Siwezi kuandika.

Jumapili, tarehe 10
Sikwenda kanisani. Nilisema tumbo linauma.
Jana wageni wa Rubaya walikuwa wanaingia kwa mstari, wamama na vikapu kichwani, ng'ombe nyuma. Nikamwashiria Kabera. Tarumbeta ikalia.
Papa Kanyamibwa, baba wa bwana harusi, akavua kofia. Wazee wote wakavua. Wamama wakashusha vikapu. Kimya — na tarumbeta.
Kwetu Bihambwe tarumbeta ni za fanfare, bendi ya kanisa, na fanfare inatoka kwa kazi moja: kusindikiza marehemu. Najua tangu utoto! Nimetembea nyuma yake siku ya kumzika babu. Nilisahau vipi? Masikio yangu yalikuwa yameshaizoea ile ngoma inayokuja nyuma.
Mama Pétronille, mama wa bwana harusi, alipaza sauti: Nani amekufa? Munatuzikia mutoto mbele hata hatujamuchukua?
Kabera akazima. Ngoma ilikuwa bado haijaingia!
Papa, baba yetu, akauliza nani ameleta muziki ya namna hii. Kabera aliniangalia. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Akasema: Ni mimi, Papa Albert. Munisamehe.
Walirudi Rubaya na ng'ombe wao. Wamesema wataomba Mungu kwanza.

Jumatatu, tarehe 11
Kabera amenirudishia karte. Barabarani vijana walimpigia kelele: Papa Fanfare, leo unazika nani? Watu wanapita mbele ya kibanda chake, wanapeleka simu kuchaji kwingine.
Byukusenge anajua. Ananipakulia chakula kama kawaida, hata nyama. Hilo ndilo linaniua.

Jumatano, tarehe 13
Mama Pétronille amefika na moto, pikipiki ya abiria, peke yake! Yuko saluni, chumba cha wageni, na Papa. Wamemwita Kabera. Niko jikoni, naandika juu ya goti, nasikia yote.
Anasema hakuja kugombana. Anasema ile kitu inamulilia mu kichwa tangu siku ile, na yeye alisikia mwanzo tu. — Nataka kujua inaisha namna gani. Kama iko kilio mpaka mwisho, ng'ombe yetu inabaki kwetu. Kama haiko kilio, tutaongea. Weka, kaka.
Kabera: Mama, sina.
— Hauna namna gani? Papa anasema. Haukusema iko yako?
Byukusenge amesimama kwenye mlango wa jiko. Amejisogeza pembeni tu, mtu apate pa kupita.
Karte iko mfukoni, ndogo kama ukucha. Papa anamuuliza tena, sauti imepanda. Naiweka kalamu, nasimama —