Jina Langu Kwenye Tanzia ya Mama

Kandoni mwa ziwa,
Tarehe 22 Septemba

Kwako mdogo wangu Vinzenz,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Roswitha na watoto, na kwamba ng'ombe wameteremka salama kutoka malishoni. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua asubuhi, ila nikishapanda baiskeli yanasahau. Najua hukutegemea barua kutoka kwangu, na pengine ulipoona mwandiko kwenye bahasha ulitaka kuitia jikoni motoni. Isome kwanza, ndugu yangu. Kuchoma utachoma baadaye.

Pole sitakupa. Kwa nilivyosoma kwenye karatasi yako, mimi sihusiki na msiba huo, kwa hiyo tuyaache. Nakuandikia kukueleza nilivyojua kwamba mama yetu amekufa, kwa kuwa wewe hukuona haja ya kunyanyua simu.

Ilikuwa Alhamisi ya tarehe tano. Kazi yangu unaijua, hata kama unajifanya huijui. Kila Alhamisi, tangu Mei mpaka mwisho wa Septemba, naongoza wageni kwa baiskeli. Tunaondoka hapa ziwani saa tatu asubuhi, tunaufuata Mto Salzach kupanda bonde, na jioni tunarudi kwa treni ndogo, baiskeli zikiwa behewa la nyuma. Siku hiyo walikuwa tisa. Kulikuwa na Mholanzi mmoja, Bwana Wouter, mrefu kama ngazi na mdomo haufungi. Alituambia kwao mlima mrefu kuliko yote ni daraja. Nilicheka sana, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa na furaha. Nilikuwa na jambo langu la kufanya njiani na nilikuwa nalingojea wiki nzima.

Oberlehen tulifika saa tano na nusu. Huwa tunasimama pale kanisani wageni wajaze chupa zao kwenye hori la maji, nami nahesabu vichwa na kukagua breki. Bwana Wouter akatangatanga mpaka kwenye ubao wa matangazo, akaniita, akauliza ile karatasi yenye ukingo mweusi inasema nini. Nikaenda nikijifuta grisi kwenye suruali. Nikaiona picha ya Mama. Ni ile picha ya harusi yako, na pembeni mwake umemkata mtu, amebaki bega tu. Bega hilo ni langu, Vinzenz.

Amekufa Jumapili, amezikwa Jumatano. Yaani jana yake. Jumatano hiyo mimi nilikuwa uani kwangu nabadilisha minyororo ya baiskeli, napiga mluzi.

Wageni walikuwa wameshakusanyika nyuma yangu. Bwana Wouter akasema, "Tusomee basi, Bi Burgi, au ni siri ya kijiji?" Nikawasomea. Nilitumia sauti ile ile ninayotumia kueleza umri wa kanisa. Nilipofika kwenye wafiwa nilikwenda taratibu, nikidhani macho yangu yameruka mstari. Mwanawe Vinzenz pamoja na Roswitha, wajukuu wake Leni na Kilian, mdogo wake Notburga. Basi. Chini yake daktari ameshukuriwa, kwaya imeshukuriwa, hata wapiga tarumbeta wamo. Bibi mmoja kati ya wageni akaniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamjibu kwamba namfahamu kwa sura.

Ndivyo nilivyosema mbele ya kanisa tulimobatizwa.

Kisha tukaendelea na safari, maana wageni wamelipia siku nzima na bonde zima. Chini ya shamba letu, pale kwenye kona, nilipita bila kuinua macho. Bwana Wouter akapaza sauti kutoka nyuma kwamba kikaratasi cha safari kimeahidi mtindi baridi mahali hapa, je, duka limefilisika? Nikamwambia muuzaji hayupo leo. Mchana, kwenye mkahawa wa darajani, nilikula madonge ya jibini sahani nzima, kwa sababu kiongozi asiyekula huwatia wageni wasiwasi. Karibu na kiwanda cha mbao tairi ya mtu ikapata pancha, nikaiziba kwa dakika saba. Kwenye maporomoko ya maji niliwapiga picha, nikawaambia watabasamu. Saa kumi kasorobo tukapanda treni. Tulipoachana Bwana Wouter alinishika mkono akasema tangu ameanza kutembea duniani hajapata siku nzuri kama ile. Nikamwambia karibu tena.

Jioni nikampigia simu Mama mdogo Notburga. Alilia kwanza, halafu akapata ulimi. Alisema alidhani umeniarifu. Nilipombana, akanieleza uliyoyasema mezani mlipokuwa mnaandika tanzia, padri akiwa amekaa pale pale: kwamba mtoto ambaye hajamtazama mama yake usoni kwa miaka kumi na mmoja hana sababu ya kuandikwa. Akaongeza la kwake, "Na wewe Burgi, tuseme kweli, hukukanyaga pale." Nikakata simu.

Sikukanyaga. Sasa nani alinikataza? Nimefanya kazi kwenye shamba lile mpaka nina miaka thelathini na sita, wakati wewe unazunguka sherehe za watu na tarumbeta yako. Shamba halikatwi vipande, hurithi mmoja, wengine huondoka. Ndivyo ilivyo kwetu, na Baba akakuchagua wewe kwa kuwa unaota ndevu. Nilikubali, nikatia saini. Nikabaki nikusaidie mavuno ya kwanza. Nilipokuambia majani bado yana unyevu, usiyaingize ghalani, ulinicheka mbele ya vibarua, ukasema dada ameshakuwa redio ya hali ya hewa. Ukayaingiza. Baada ya wiki tatu yakajipasha moto yenyewe kwa ndani, ghala likaungua mpaka msingi. Katika bonde lile hakuna asiyejua majani mabichi hufanya hivyo. Lakini wewe uliwaambia watu nimekuombea mabaya kwa wivu wa urithi, na mimi ukaniambia nisitie mguu uani kwako. Nilinyamaza ili Mama asilazimike kuchagua mtoto.

Na uani kwako sijatia mguu. Ila barabara si yako.

Sikiliza sasa usilolijua. Mwaka uliofuata niliomba kazini nipewe safari ya Alhamisi. Alhamisi wewe uko juu malishoni, Roswitha yuko kazini mjini. Na kile kibanda cha mtindi pale kwenye kona, ulifikiri Mama alikianzisha kwa nini? Nimesikia ulivyokuwa unamtania kwamba uzee umemtia uroho wa biashara. Alikianzisha ili apate sababu ya kukaa barabarani siku ya Alhamisi. Majira ya joto kumi na moja, Vinzenz. Kila Alhamisi nilimtazama mama yangu usoni kwa robo saa, wageni wakiwa wanakunywa.

Tuliongea kama watu baki, kwa sababu jirani yenu Bibi Lechner hashuki dirishani na mdomo wake unaujua. Mimi nilimwita Bibi. Yeye aliniita kiongozi. Alikuwa akinichokoza, "Leo kiongozi umeniletea wateja wembamba, hawa watanywa nini?" Mimi namuuliza hali ya miguu, yeye ananiuliza kama nakula. Nilipomrudishia vikombe alinibana vidole kidogo. Hayo ndiyo yote tuliyokuwa nayo, na yalitutosha. Hapana, hayakututosha. Tuliyapokea tu.

Tarehe ishirini na tisa Agosti, siku tatu kabla hajafa, nilimkuta amekaa juu ya kreti badala ya kusimama. Uso wake ulikuwa umepauka. Wageni walijimiminia wenyewe. Nilipomkaribia alinishika mkono wa koti, akaniambia, wala hakutazama dirisha la jirani, "Burgi, ingia ndani kidogo. Nataka kulala, wewe ukae karibu yangu." Miaka yote hiyo hajawahi kuniita jina langu pale barabarani.

Nilikuwa na wageni kumi na wawili. Wawili walishatangulia mbele. Treni ilikuwa ya saa kumi kasorobo. Nikatazama saa yangu. Nikamwambia, "Alhamisi ijayo, Bibi, nitakuja mapema."

Akaliachia koti. Akasema, "Haya kiongozi, wateja wasikungoje." Nikapanda baiskeli.

Wewe siku hiyo ulikuwa mlimani. Mkeo alikuwa mjini. Mlango ulikuwa wazi, nauona mpaka sasa. Hakuna aliyenizuia, na neno langu la mwisho kwa mama yangu ni Bibi.

Wiki mbili nimekaa nikikuandikia barua za kukudai utoe tangazo jipya lenye jina langu, libandikwe ubaoni pale pale, waliosoma la kwanza wasome na la pili. Nyingine zilikuwa na matusi ambayo hujawahi kuyasikia kutoka kwangu. Nimezichana zote. Misa ya siku thelathini inakaribia, na mchapaji atakuuliza majina ya kuweka kwenye kadi za shukrani. Mpe yale yale.

Nisalimie Leni na Kilian, na kama hawajui wana shangazi, salamu hizo zibaki kwako. Msalimie Roswitha. Mama mdogo mwambie sina kinyongo naye, nitampigia nikiweza. Angalia majani msimu huu, mvua zimekuwa nyingi.

Ni mimi dada yako,
Walburga